Fundi Aliyesoma Lebo kwa Sauti

Fundi ninayemsimulia hapa alikuwa mwoga. Nalisema mapema kwa sababu kila aliyemfahamu pale Iringo, mtaani kwetu Musoma, angekuambia hivyo hivyo kabla hujamaliza kuuliza, na angekuambia huku akicheka. Mimi nilishaacha kucheka. Kuna jambo nilimfanyia ambalo kwa miaka mitatu niliogopa kulisema, na kila nikitaka kumkumbuka yule mzee na vituko vyake, jambo hilo linatangulia mbele. Nilimdanganya mara moja tu, kwa kipande cha karatasi, na kwa uongo ule akaamini kwamba mikono yake imekwisha. Nitafika huko. Kwanza nimwoneshe alivyokuwa.

Kibanda chake kilipakana na duka langu. Mimi nilikuwa na stesheneri: kuchapa barua, kutoa kopi, picha za pasipoti, lebo za kubandika chupa za maji ya harusi. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo hakuna alichokisema nisichokisikia. Alitengeneza redio, televisheni, pasi na spika za kwaya. Kiangazi na masika alivaa mabuti ya mpira, hata kanisani, hata kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, ambako mke wake alikataa kusimama karibu naye wakati wa picha. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote aliofanya kazi. Alifundishwa hivyo ujanani, kwamba mtu akigusa umeme kwa mikono miwili unapita kifuani, akigusa kwa mmoja ana bahati kidogo. Lakini yeye hakuutoa mfukoni hata akiwa anakula. Mama mmoja wa kwaya aliamini mkono ule umepooza, akamletea dawa ya kuchua kutoka kwa ndugu yake. Fundi akapokea, akashukuru sana, akaenda kumchua mkewe goti.

Wingu likitokea upande wa ziwa, hata liwe dogo la kumezwa na mwewe, alitoka na kupita mlango kwa mlango akipiga kelele.

"Chomoeni! Chomoeni vitu vyenu! Ninyi hamuogopagi?"

Huku kwetu radi hazina utani, hilo kila mtu analijua, lakini Fundi hakungoja radi. Siku moja aliingia kwangu nikiwa katikati ya kutoa kopi za mtihani wa shule nzima, mwalimu amesimama pale anatazama saa, akainama chini ya meza akachomoa waya. Mashine ikafa na karatasi mdomoni. Mwalimu alitaka kumpiga. Fundi alimtazama kwa macho ya huruma kabisa.

"Mwalimu, mtihani unarudiwaga," alisema. "Wewe haurudiwi."

Mvua yenyewe haikunyesha siku hiyo. Hakuomba radhi.

Alikuwa na ubao wenye balbu ya zamani, ile ya kioo cheupe inayotoa joto. Kitu chochote alichokitengeneza kilipata umeme wake wa kwanza kupitia balbu ile. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kile kitu kinasalimika. Kama ni kizima, inamemetuka kidogo kisha inafifia. Mafundi wengi wanayo, lakini sijaona aliyeiheshimu namna ile. Kabla ya kuwasha alifukuza watu wote kibandani, mwenye redio akiwemo, akafunga mlango, na mimi huku kwangu nikamsikia anaomba kwa sauti ya chini: "Bwana, ni mimi tena." Kisha swichi. Kisha kimya. Nami nilijikuta nimeshika ukingo wa meza mpaka nisikie anakohoa. Kwa miaka sita niliogopa pamoja naye, mara nane au kumi kwa siku, na sikuwahi kumwambia.

Watu hawakumwelewa kwa sababu woga wake ulikuwa na mipaka ya ajabu. Nyoka hakumwogopa. Walevi hakuwaogopa. Aliwahi kuitwa Buhemba, kwenye machimbo, kutengeneza televisheni ya kibanda cha kuoneshea mpira. Alifika akakuta waya umepita juu ya sakafu yenye maji, na wachimbaji wamejaa, wamelewa, miguu pekupeku, mechi imebaki robo saa. Akasimama mlangoni akawaambia watoke wote. Wakamcheka. Akaenda kwenye mita akang'oa fyuzi akaitia mfukoni. Wenye habari wanasema alizungukwa na watu kama arobaini, mmoja ameshika sururu, naye akakaa juu ya jiwe akawaambia, "Nipigeni tu. Mimi kupigwa siogopagi. Ila fyuzi siwapi mpaka maji yakauke." Waliangua kicheko, kisha wakaanza kuchota maji kwa ndoo. Alirudi Musoma jicho moja limevimba, na hakusema ni nani aliyempiga.

Nilipomuuliza kwa nini basi alichagua kazi ya umeme, alinijibu kama vile nimeuliza kitu cha kitoto.

"Sasa unataka aifanye nani? Asiyeuogopa?"

Na kisha kuna lebo. Hii ndiyo iliyomtambulisha mjini kote. Kitu chochote kikifika mezani kwake, hakukigusa mpaka avae miwani, ageuze nyuma, asome lebo yote kwa sauti, taratibu, kwa Kiingereza chake cha kwao Butiama, kuanzia jina mpaka volti mpaka nchi kilikotengenezwa mpaka onyo la kutokukitia majini. Wateja waliokuwa na haraka waliteseka. Mimi nilikuwa nachapa barua za watu huku nikisikia "input, volti mia mbili ishirini mpaka mia mbili arobaini" kupitia mbao, na mara mbili niliyachapa maneno hayo ndani ya barua ya maombi ya kazi.

"Kitu kinajitambulisha," alisema. "Wewe ukija kwangu si unasalimia kwanza? Na chenyewe kinasalimia. Lebo haina sababu ya kunidanganya."

Televisheni iliyobanduka lebo aliirudisha kwa mwenyewe. Hakuijua, alisema, na asiyemjua hamlazi ndani.

Sasa kuhusu kompyuta. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nilipenda magemu kuliko nilivyopenda kukiri. Nilianza kwenye laptopu ya binamu yangu, magemu ya mpira, kisha ya magari, kisha yale ya kutembea kwenye nchi kubwa zisizokwisha. Kompyuta ya dukani kwangu haikuyaweza. Picha zilikwenda hatua moja zikasimama. Nikataka yangu mwenyewe, isiyotoka dukani ikiwa imefungwa, ila ya kuchagua kipande kwa kipande na kuunga. Mama yangu, anayeishi Bunda, nilimweleza kwenye simu.

"Kompyuta ya kuchezea," alisema. "Unacheza wewe. Mtu mzima, na nyonga hizo."

Kilichonitesa zaidi ya mama kilikuwa hofu. Nilitazama video za watu wanaounga kompyuta mpaka zikanitia homa. Gusa hapa kwa kidole chenye umeme wa nguo, imekufa. Pindisha kijino kimoja cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imekufa. Chagua vipande visivyopatana, haiwaki, na hakuna atakayekurudishia. Nilikuwa nikiweka akiba kwa miaka miwili. Kila nilipotaka kuagiza, kidole kilisimama juu ya simu. Mwisho nikaiandika orodha yangu kwenye karatasi nikampelekea mtu mwoga kuliko mimi.

Fundi hakuwahi kuunga kompyuta ya namna ile. Alikaa na karatasi wiki nzima. Siku ya nane alinigongea ukuta.

"Binti, njoo. Hii kitu imeninyima usingizi, na nimeipenda."

Alivyochagua vipande sijaona mtu mwingine akifanya hivyo. Kwenye video wanauliza kipande kina kasi gani. Fundi aliuliza kimoja kimoja, "Hiki kikikasirika kinafanyaje?" Prosesa ikikasirika inajizima, vizuri, tuandike. Ramu, kumbukumbu yake ya kazi, ikikasirika skrini inakuwa ya bluu, haiumizi mtu, tuandike. Mazabodi, ule ubao ambao kila kitu kinapandwa juu yake, tulibishana siku mbili; alitaka wenye chuma kinene cha kupozea kwa sababu joto la Musoma mchana sio la mzaha. Kesi, lile sanduku la kufungia vyote, ndiyo ilinitoa machozi. Nilitaka yenye kioo ubavuni na taa za rangi zinazozunguka. Akanipeleka nje, akanionesha ukuta wa duka la jirani ambako taa huwa inawaka jioni. Ulikuwa mweusi kwa wale wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi na kufia kwenye taa kwa mafungu.

"Unawaalika hawa," alisema. "Unawawashia taa, halafu una feni inawavuta ndani. Wiki moja utakuwa na uji humo. Uji wa wadudu unashika moto vizuri sana."

Nikachukua kesi nyeusi ya chuma tupu, na yeye akanishonea kwa mkono wake vitambaa vya chandarua vya kuziba matundu ya feni. Alishona kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni, akivuta uzi kwa meno.

Tulipofika kwenye sapulai, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake, alivua miwani. Hii, alisema, ndiyo yenyewe. Hii ikikasirika haikasiriki peke yake. Akaandika aina anayoitaka kwa kalamu nyekundu, wati mia sita na hamsini, akaizungushia duara mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

"Vingine vyote unaweza ukanidanganya," alisema, na alikuwa anatania. "Hii usinidanganye."

Nilivyomdanganya ni hivi. Muuzaji wa Mwanza alinitumia picha ya kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, kubwa kuliko tuliyoiandika, feni tatu, imebaki moja. Nikaichukua bila kumwambia Fundi. Pesa iliyobaki haikutosha kwa sapulai ya duara nyekundu. Kusubiri tena miezi sikuweza. Vipande vilishawasili kwa basi pale stendi ya Bweri, nimevipanga chini ya kitanda, kila jioni navitazama kama mtu anayetazama nguo za harusi. Nikaenda Bunda kwa mama, na njiani nikapita kwa jamaa mmoja anayeuza kompyuta chakavu za maofisini. Alikuwa na sapulai. Lebo yake ilikuwa imefutika, imebaki gundi na herufi mbili.

"Ina nguvu ya kutosha?" nilimuuliza.

"Dada, hiyo ina nguvu kuliko zote."

Sikuuliza zaidi kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Nilijua Fundi hatapokea kitu kisicho na lebo. Na mimi kazi yangu ilikuwa nini? Mchana mmoja, wateja wametulia, nilitafuta picha ya lebo ya ile sapulai aliyoitaka, nikaisafisha, nikanyoosha herufi, nikaichapisha kwenye karatasi ya kunata, ileile ninayotolea lebo za maji ya harusi. Nikaikata kwa kisu cha karatasi. Nikaibandika, nikaisugua kwa dole gumba mpaka ikakaa. Ilipendeza. Upande wa pili wa mbao Fundi alikuwa anapiga mluzi wimbo wa kanisani.

Kesho yake niliiweka mezani kwake. Akavaa miwani. Akasoma. Alisoma herufi zangu zote, wino wangu wote, kwa ile sauti yake ya taratibu, volti, ampea, onyo, nchi, na mimi nimesimama mbele yake. Alipomaliza alitabasamu. Kisha akaiinua kwa mkono wa kulia, akaipandisha na kuishusha.

"Nyepesi," alisema.

"Siku hizi wanatumia vyuma vyepesi, Fundi."

Akaipima tena. Akatazama mkono wake, akatazama lebo. Akarudia kusoma mstari wa wati. Halafu akaiamini karatasi akauacha mkono.

Kuunga kulituchukua mchana wote. Kadi ya picha aliiona ni kubwa kuliko tuliyoiandika, akanung'unika, kisha akasema wati mia sita na hamsini zitaitosha. Fundi alichomeka waya za umeme mwenyewe, ikiwemo ile nene ya kadi ya picha, na kila moja aliivuta kuhakikisha imekaa. Kwenye ubao wa balbu ilipita. Balbu ilimemetuka ikafifia. Nilipomsikia anakohoa nilitaka kulia kwa furaha. Lakini skrini nzuri ilikuwa kwangu, na intaneti ilikuwa kwangu, kwa hiyo nikamsihi tuihamishie dukani tuone gemu moja tu. Alisita. Kwangu soketi hazikuwa na waya wa ardhini, ule unaoupeleka udongoni umeme uliopotea njia. Alishamlalamikia mwenye nyumba zaidi ya mara kumi.

"Dakika kumi tu, Fundi."

Alikuja, mabuti yake miguuni, akasimama karibu na mlango.

Iliwaka. Gemu likafunguka. Niliona milima, nyasi zinapepea, jua, na Fundi akasogea hatua moja kutoka mlangoni. "Haa," alisema. "Na hiyo ni nchi ya wapi?" Ile kadi ya feni tatu ikaanza kuvuma. Nikamgeukia nimjibu, ndipo kikapiga kishindo ndani ya kesi, kikavu, na moshi mweusi ukatoka nyuma. Sikufikiri. Nilinyoosha mkono kwenda kwenye swichi iliyo nyuma ya chuma kile. Fundi akapiga kelele akarukia mkono wangu akaupiga pembeni, na kiganja chake cha kulia kikapita kikagonga kesi, wakati cha kushoto kimejishikiza kwenye nondo za dirisha. Kesi yote ilikuwa na umeme. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akaanguka kinyumenyume juu ya marundo ya karatasi, na mkono wa kushoto, ule wa mfukoni, ulikuwa nje umekunjika.

Nilichomoa waya kutoka ukutani. Nikamwita, hakuitika. Kwa muda ambao sijui ni mrefu kiasi gani niliamini nimemuua, na niseme kweli, hata katika muda ule, nikiwa nimepiga magoti, nimeshika kichwa chake, kuna sehemu yangu iliyowaza lebo.

Alifumbua macho. Tukampeleka hospitali kwa bajaji, akakaa siku mbili, moyo ukawa sawa, kiganja kikabaki na kovu. Kabla hajatoka nilikuwa nimeifungua kesi, nikaitoa ile sapulai, nikabandua karatasi yangu, nikaenda kuitupa mbali kabisa na Iringo.

Aliporudi kibandani aliniuliza jambo moja.

"Iko wapi ile sapulai, niifungue?"

"Nimeitupa, Fundi. Niliogopa."

Akatikisa kichwa. Hakunilaumu. "Ungeniachia," alisema. Kisha akaongeza, "Basi ni mimi. Kitu chenye lebo ile hakilipukagi hivyo. Waya wa kadi nimeuchomeka vibaya. Macho, mikono, sijui."

Nilijua kutoka kwenye video zote zile kwamba waya ule hauwezi kuchomekwa vibaya. Umetengenezwa ukatae. Sentensi moja ingetosha. Niliogopa kuisema siku hiyo nikiamini nitaisema kesho, na kesho niliogopa zaidi kwa sababu ya jana.

Mwezi haukuisha akafunga kibanda akarudi Butiama. Aliyeingia badala yake anauza vocha na soda. Mimi nilihamishia vipande vyangu Bweri ninakopanga, nikavisukuma chini ya kitanda, na gemu sikucheza tena. Wingu likitokea ziwani nilichomoa kila kitu mwenyewe, nikakaa gizani.

Mwaka huu nilikutana na mke wake stendi ya Bweri, amebeba mfuko wa dagaa. Nilimwamkia, akanikumbatia kama mwanawe.

"Njoo umsalimie mzee," alisema. "Hayuko sawa. Hata balbu hataki kuibadilisha. Na sasa hata chai hamimini, anasema mikono itamwaga amuunguze mjukuu. Mimi ndiye namshikiaga kikombe. Hospitali wanasema hana ugonjwa wowote."

Alisema hayo akitafuta nauli kwenye kitambaa. Nami niliendelea kutabasamu, maana nisingetabasamu ningepiga ukelele.

Jumamosi nilikwenda Butiama. Njiani mara mbili nilimwambia konda nashuka kisha nikasema basi twende. Fundi alikuwa amekaa barazani, kwenye kiti cha kamba. Alikuwa amekonda. Miguuni ana kandambili. Mikono yake miwili ameilaza mapajani, viganja juu, kama vitu alivyoachiwa na mtu amtunzie.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Fundi usiniite, nilishaachaga."

Tuliongea habari za Iringo. Mkewe akaleta chai, akamshikia kikombe, naye akanywa huku akitazama pembeni. Akaingia jirani getini, mwanaume wa makamo, ana redio kwapani. Akasema najua utakataa, mzee, ila nimepita kujaribu bahati. Fundi akakataa kwa upole. Akamwambia ampelekee kijana wa pale senta. Jirani akaaga, akaanza kurudi zake, na nikaona akimtazama Fundi kama anavyotazamwa mgonjwa.

Hapo nilisema. Sikujipanga, maneno yalitoka vibaya, nikianzia mwisho.

"Fundi, lebo ile niliichapisha mimi."

Hakuelewa. Nikaeleza tena, kuanzia Bunda, jamaa wa kompyuta chakavu, karatasi ya kunata, dole gumba. Nikamweleza na waya kwamba hauwezi kuchomekwa vibaya na mtu yeyote, na kwamba nililijua hilo siku ileile. Mkewe alisimama mlangoni ameshika kikombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili, anisamehe au anitukane. Yeye akaanza kuniuliza maswali, moja moja, kwa sauti ya kikazi.

"Yenyewe ilikuwa ya wati ngapi?"

"Sijui, Fundi. Ilikuwa imefutika."

"Mimi nilisema nini nilipoishika?"

"Ulisema nyepesi."

"Nilisema nyepesi." Akageuza mkono wa kulia, akautazama kwenye kovu. "Nilisema mara ngapi?"

"Mara moja. Ila uliipima mara mbili."

Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilipofikiri analia, aliinuka, na sijawahi kumwona mtu mwenye hasira kama ile, kwani haikuwa na kelele.

"Kupigwa na umeme sikudai," alisema. "Ule ni kazi, ungenipiga tu siku moja. Kuniua pia ningekusamehe, ningekuwa sijui. Lakini miaka mitatu, binti. Miaka mitatu naogopa mikono yangu mwenyewe. Mke wangu ananinywesha chai mbele ya wajukuu. Na wewe ulikuwa unajua, umekaa kule Musoma, unajua."

"Ndiyo, Fundi."

"Ondoka kwangu."

Mkewe alisema neno, kwa kilugha chao, la kumtuliza. Hakumsikiliza. Nilichukua mkoba. Nilifika getini nikiogopa kugeuka, nikiogopa pia kwamba nikitoka bila kugeuka sitamwona tena, na nikiwa nimeshika komeo nikamsikia nyuma yangu akiita kwa sauti kubwa, mpaka kuku wakatawanyika. Hakuniita mimi. Alimwita jirani, ambaye alikuwa hajafika mbali.

"Wewe! Rudisha hiyo redio!"

Jirani akasimama njiani. "Si umesema huwezi, mzee?"

"Nimesema lete."

Jirani akarudi, akanipita pale getini bila kuelewa kitu. Fundi alikuwa ameshamnyang'anya mkewe kikombe, anakunywa mwenyewe, amesimama, na chai kidogo ilimwagikia shati lake wala hakujali. Hakunitazama.

"Na huyo akishatoka," alimwambia jirani, "funga geti."

Nililifunga mwenyewe kwa nje, nikaenda kutafuta bodaboda.